Ukuta wa Makaburi ya Akina Deveaux

Kikao cha pingamizi kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Ilipotimia saa tatu kasorobo, Mwalimu Erskine Deveaux alikuwa tayari ameketi safu ya mbele, katika ukumbi wa shule aliyoiongoza kwa miaka ishirini na sita, suti yake nyeusi imefungwa vifungo vyote licha ya joto. Wajumbe kutoka mji mkuu, Nassau, waliingia saa tano. Hawakuomba radhi.

"Wamechelewa makusudi," alinong'ona Verlene, binti wa mjomba wake, akijipepea kwa upepeo wa karatasi wenye picha ya marehemu fulani. "Wanajua wazee hatuwezi kukaa muda mrefu bila kwenda msalani."

"Nyamaza, Verlene."

"Ninyamaze kwani niko darasani? Nina miaka sitini na tisa, Mwalimu."

Jambo lenyewe lilikuwa moja. Kampuni ya wageni ilitaka kujenga gati la meli za watalii katika pwani ya akina Deveaux, na serikali ilikuwa imekwisha kuiahidi. Ukoo ulisema ardhi si ya serikali ya kuahidi. Aliyeipata kwanza alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Naye aliwaachia wazao wake wote kwa pamoja, isigawanywe wala isiuzwe, na tangu hapo hakuna aliyewahi kushika karatasi. Walichokuwa nacho ni makaburi hamsini na moja juu ya kilima kinachotazama bahari, kila moja limezungushiwa makombe ya kome. Sheria iliwapa mlango mmoja tu: waonyeshe kwamba wameishika ardhi hiyo kama mali yao, bila kumwomba mtu ruhusa. Wakishindwa, makaburi yangehamishwa.

Mwalimu alizungumza kwa nusu saa bila karatasi. Alitaja vizazi sita kwa majina, mashamba ya mihogo na mbaazi, na mwaka ulipochimbwa kila kisima. Mwenyekiti wa wajumbe, mama mwenye miwani mizito, aliacha kuandika akawa anasikiliza tu. Nyuma, mtu alisema kwa sauti, "Wape, Mwalimu! Wape somo!" Ukumbi ukacheka. Kwa mara ya kwanza tangu tangazo la gati libandikwe kwenye mlango wa posta, Erskine alihisi kwamba huenda wakashinda.

Ndipo wakili wa kampuni, kijana aliyeitwa Cartwright, aliposimama na karatasi moja mkononi.

"Mwalimu, nakupongeza kwa kumbukumbu yako. Naomba uitazame barua hii. Mwandiko huu unaufahamu?"

Hakuhitaji kuvaa miwani. Serikali ambayo kwa miaka miwili ilishindwa kulipata faili lake la pensheni ilikuwa imeipata barua hii bila taabu, safi, imetobolewa matundu mawili ubavuni kwa uangalifu.

Alikuwa ameiandika miaka sita iliyopita. Kimbunga kilikuwa kimebomoa ukuta wa makaburi, bahari ikapanda kilima, na jeneza la mama yake likabaki limetoka nje nusu, mbao zake zikionekana kutoka barabarani. Alilifukia kwa mikono yake. Kisha aliiandikia serikali barua saba kuomba msaada wa kuujenga ukuta upya, asijibiwe hata moja. Mwishowe Bwana Stubbs, Msimamizi wa Kisiwa, alimwita kando kwenye baraza ya zahanati.

"Mwalimu wangu, unajisumbua bure," alisema Stubbs, ambaye utotoni alifundishwa naye kusoma. "Serikali haijengi kwenye shamba la mtu. Andika kwamba ile ni ardhi ya serikali, na nyinyi mnaomba tu kuendelea kuzikia pale kwa hisani yake. Sementi itakuja kabla ya uchaguzi."

"Lakini si kweli, Stubbs."

"Nani atasoma? Hiyo ni njia tu ya kufungua mfuko. Au unataka mama aoge bahari tena?"

Na Erskine Deveaux, aliyewahi kumfukuza mtoto wa mchungaji kwa kunakili hesabu tatu, aliketi akaandika uongo huo kwa mwandiko wake bora, akatia saini kwa niaba ya ukoo mzima. Sementi ilikuja kweli. Ilishushwa gatini siku ya Jumanne, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa ikielekea kwenye nyumba ya wageni ya shemeji yake Stubbs. Ukuta haukujengwa. Uchaguzi ulipita, upande wa Stubbs ukashinda, naye akabaki kuwa Msimamizi. Hivi sasa alikuwa ameketi kando ya wajumbe, akilitazama pangaboi la darini kana kwamba hajawahi kuliona.

"Mwalimu?" alisema mwenyekiti kwa upole.

Verlene alimvuta koti. "Sema wameghushi," alinong'ona. "Erskine, sema wameghushi! Nchi hii kila mtu anaghushi, nani atashangaa?"

Alijua ni kweli. Stubbs asingethubutu kumpinga, kwa kuwa angelazimika kueleza sementi ilikokwenda. Neno moja lingetosha. Lakini wazazi na watoto aliowafundisha walikuwa wamejaa ukumbini, na midomo yake haikujua jinsi ya kulitamka.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Yaliyoandikwa humo ni uongo. Niliambiwa ndiyo njia pekee ya kupata ukuta, nami nikakubali. Ardhi ilikuwa yetu nilipoandika, na ni yetu leo."

"Kwa hiyo uliidanganya serikali wakati ule," alisema Cartwright polepole, "na leo unataka iamini kwamba unasema kweli."

"Ndiyo."

"Nani alikuambia uandike hivyo?"

Alimtaja Stubbs. Stubbs akatabasamu kwa huzuni, kama mtu anayemhurumia mzee aliyeanza kusahau, akasema hakumbuki mazungumzo ya namna hiyo. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaanza kuandika tena. Hakumtazama tena Erskine.

Nje, Verlene alimpita bila kusimama.

"Siku moja ulidanganya vibaya," alisema, "na siku uliyotakiwa kudanganya vizuri, ukakumbuka kanisa. Uzuri gani huo, Mwalimu?"

Erskine alifungua kifungo cha juu cha suti, akashika njia ya nyumbani peke yake.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu, aya mbili tu: ardhi ni ya serikali, makaburi yahamishwe. Mwezi uliofuata alifika mpimaji, mtu mpole mwenye kofia pana, akamtafuta Erskine nyumbani. Vimbunga vilikuwa vimechukua misalaba yote, na hakuna mwingine aliyejua nani amelala wapi. Ukoo ulikutana kwa Verlene, wakala wali wa mbaazi kimyakimya, wakakubaliana kwamba ni yeye atakayekwenda. Hakuna aliyejitolea kumsindikiza.

Walipita safu kwa safu. Erskine alitaja jina, mpimaji akaandika namba na kupigilia kigingi cha rangi ya chungwa. Hosea, aliyejenga kanisa la kwanza. Pacha wa Ismae, ambao hawakupewa majina. Mama yake alikuwa namba thelathini na nane. Mpimaji alivua kofia, ingawa hakuwa ameambiwa kwamba ni mama yake Erskine.

Kando ya kaburi la mama palikuwa na nafasi iliyofagiliwa, imezungushiwa makombe mapya, meupe, aliyoyapanga Erskine mwenyewe.

"Na hapa yupo nani, Mwalimu?"

Erskine aliinama, akalinyoosha kombe moja lililopinduka. Baharini, mashine ya kuchimba mchanga ilikuwa imekwisha kutia nanga.

"Hapa hakuna mtu," alisema. "Usiweke namba."