Maria Kichwa Chini

Mimi si mtu wa hasira. Wanaosema Akimana ana hasira ndio wanaonikasirisha, na hilo ni jambo tofauti. Nina karakana ya pikipiki Kasulu mjini, nyuma ya stendi, na kwa miaka tisa nimefungua injini za wanaume ambao hufika, huangalia kushoto na kulia, kisha huniuliza fundi yuko wapi. Huwa nawajibu ametoka. Wakikaa saa nzima wakimsubiri, shauri yao.

Mtu mmoja tu hajawahi kuniuliza fundi yuko wapi, kwa sababu hajawahi kuniletea kitu. Ni baba wa mume wangu. Jina lake silitaji, mkwe hataji jina la baba mkwe. Sisi ambao wazee wetu walitoka Burundi tunasema databukwe, inatosha. Na heshima yetu iko hivi: hanigusi, simgusi. Sikalii kiti alichokalia yeye. Nikimpa chumvi naiweka mezani, naye anaichukua mezani. Akisema neno, mimi nasema "ndiyo, baba," huku naangalia miguu yake. Miguu ya mzee yule naijua kuliko uso wake.

Databukwe ni katekista kule Titye. Ana vigango vitano vya kusalisha milimani na ana Chura. Chura ni pikipiki ya tairi nne, nyekundu, fupi, ya mashindano. Kulikuwa na mzungu mjenzi wa barabara aliyekuwa akiiendesha kila Jumapili, anatimua vumbi na haendi popote. Kazi yake ilipokwisha akaiachia parokia. Padre aliitazama wiki mbili, akampa katekista.

Tatizo la Chura lilikuwa kusimama. Iliundwa imbebe kijana mmoja mwembamba mwenye helmeti. Databukwe anapanda yeye, nyuma yake anapanda mabukwe, yaani mkewe, na mbele linafungwa gunia la maharage. Breki za mbele zilikufa zamani na vipuri vyake havipatikani hata Dar. Iliyobaki ni ya nyuma: diski moja ndogo kama kisosi kwenye ekseli, na kalipa, lile koleo la chuma linaloibana diski, ambalo lilikuwa halina nguvu ya kubana hata chapati.

Mabukwe ana sukari. Ana kidonda mguuni kisichotaka kupona, na kila baada ya wiki mbili, Jumanne, lazima apelekwe Kabanga hospitali kukisafisha. Njiani kuna mteremko mrefu unaoishia darajani. Mwezi wa tatu Chura ilikataa kusimama, wakaingia kwenye mihogo ya watu. Databukwe aliwaambia majirani kwamba waliamua kupumzika kidogo. Mabukwe aliniambia mimi peke yangu: "Mwanangu, safari ijayo tukipita mihogo, kilichobaki ni mto."

Mwanamke huyo nampenda, na sioni haya kusema. Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno ya pili. Nilipopoteza mimba mara mbili, watu walianza kuhesabu vidole na kumshauri mume wangu. Mabukwe alinichukua nikalala chumbani kwake mwezi mzima, na kila aliyekuja na ushauri alipewa jembe akasaidie kupalilia. Ushauri ukaisha.

Kwa hiyo nilituma ujumbe kupitia kwake: breki ya Chura inaweza kubadilishwa, niachieni mimi. Jibu lilikuja baada ya siku nne kwa mdomo wa mume wangu, Stanislaus. Alisema, baba anasema ajaribu. Ajaribu! Miaka tisa nafunga injini za watu, halafu nijaribu. Nikameza, nikapanda gari kwenda Kibondo.

Kibondo yupo Mkongo anaitwa Wilondja, anauza viungo vya pikipiki zilizokufa. Kwake nilipata kalipa ya mbele ya pikipiki kubwa ya milimani, yenye pistoni mbili, pamoja na diski yake, pana kama sahani ya ugali. Wilondja aliifuta kwa shati lake mwenyewe.

"Hii freni inashika, mama," alisema. "Hata ukitaka kwenda, itakukatalia."

Nikamwambia hiyo hiyo ndiyo niliyoifuata.

Kufunga kiungo cha pikipiki moja kwenye mwili wa nyingine si kazi ya kujaribu. Diski ilibidi itobolewe upya ndipo ikubali ekseli ya Chura. Kalipa ilihitaji bamba la kuishikilia, nikalikata mwenyewe kwenye chuma kinene na kulichonga kwa tupa mpaka viganja vikaota malengelenge. Ijumaa nilifika Titye na kila kitu. Niliisafisha kalipa, nikaipaka rangi nyeusi, nikaiweka kwenye meza ya uani ikauke. Niliiweka ilivyonijia mkononi, sikuwaza juu wala chini.

Asubuhi nikakuta imeandikwa. Databukwe alikuwa amechukua rangi nyeupe ile anayoandikia mabenchi ya kigango, akachora kwa mwandiko wake mzuri: MARIA. Na kama hiyo haikutosha, padre alikuwa amepita akienda kwenye msiba, akaombwa, akainyunyizia maji ya baraka.

Sasa kalipa ina kinati kimoja kidogo cha kutolea upepo. Kinati hicho lazima kikae juu, kwa sababu upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki hupanda, kama mapovu ya soda. Ukikiweka chini, utatoa mafuta mchana kutwa na upepo utabaki humo ndani umejikalia. Na breki yenye upepo haibani. Nilipoiinua kalipa nikaiweka inavyotakiwa, kinati juu, Maria akawa kichwa chini miguu juu.

Miguu ya databukwe ikasogea.

"Jina la Mama wa Mungu halifungwi hivyo," akasema. "Geuza."

Bamba langu, kwa kuwa nimelitengeneza vizuri, lilikuwa linakubali pande zote mbili. Mimi ndiye niliyemtoa diwani nje ya karakana kwa kunifundisha kukaza cheni. Lakini hapo nikasema, "Ndiyo, baba," nikageuza. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Nilitoa upepo mara sita. Pedali ilibonyea kama godoro. Ukiikanyaga mara tatu mfululizo inashika kidogo, ukiiacha inalegea tena. Databukwe aliizungusha Chura uani, ikasimama. Uani kwao ni tambarare, pale hata debe linasimama. Akasema imeshika, akaenda kunywa chai.

Nikafuata njia ya heshima. Nilimweleza Stanislaus, akasema niachie, nitaongea naye kiume. Waliongea kiume muda mrefu, kuhusu mvua. Nikamweleza mabukwe, akamwambia mzee akiwa ananyoa ndevu. Jibu lilirudi: mwambie mkweo breki imebarikiwa. Nikaomba basi jina lifutwe liandikwe upya upande wa pili. Jibu likarudi kwamba kilichobarikiwa hakisuguliwi kwa petroli. Mabukwe alicheka aliponipa majibu hayo. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu siku za kufika Jumanne.

Jumanne ikafika. Mabukwe alitoka na kitenge kipya, mguu umefungwa bandeji, mto wake wa kukalia kwapani. Databukwe alikuwa amekwishapanda na injini inaunguruma. Nikaona wazi kwamba nikikaa kimya na heshima yangu, heshima hiyo ndiyo itakayomzika mama yule. Nikaenda kusimama mbele ya Chura, nikainua macho nikamtazama databukwe usoni. Ana kovu juu ya nyusi. Sikuwa nalijua.

"Baba, leo mama hapandi," nikasema. "Napanda mimi."

Hakunielewa. Alizima injini, akidhani ni makelele yaliyomchanganya.

"Ile breki ina upepo," nikasema. "Nilijua tangu Jumamosi, nikanyamaza. Wewe unasema ni nzima, na mimi ndiye fundi wake. Basi napanda mimi nyuma, tunashuka wote mpaka darajani. Nitakushika kiunoni nisianguke."

Stanislaus akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kitu ambacho mpaka leo hajatuambia ni nini. Mabukwe alijiziba mdomo kwa kitenge. Mkwe kumkumbatia databukwe kiunoni, mchana, barabara nzima ya Titye! Kwa jambo hilo ningerudishwa kwetu jioni ile ile, na kwetu wasingeuliza kosa langu ni lipi.

Nikaweka mkono kwenye kiti cha nyuma. Wengine husimulia kwamba nilikuwa namtisha tu mzee. Hapana. Ningepanda.

Databukwe aliuangalia ule mkono. Kisha akashuka upande wa pili, polepole, akaenda kwenye sanduku langu la spana. Alipekua, akatoa namba kumi na nne, na ndiyo hasa iliyotakiwa. Akaiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua tatu ili niichukue.

"Mama wa Mungu amevumilia makubwa kuliko haya," akasema, akiitazama tairi. "Geuza."

Niligeuza. Nilipofungua kinati, mapovu yalitoka mpaka mabukwe akauliza kama ni sabuni. Yakaisha, mafuta yakaja safi, na pedali ikawa ngumu chini ya mguu. Nikakaza kila kitu, nikasema nendeni. Sikuwasindikiza. Nilisimama kwenye uzio nikasikiliza Chura ikiteremka mpaka sauti ikapotea. Mlio kupotea hauna maana moja, na simu zao wote wawili walikuwa wameziacha mezani. Nilipalilia shamba lote la mabukwe siku ile, na lilikuwa halina magugu.

Walirudi saa tisa. Mabukwe alishuka na pua imevimba kidogo, akaniita jikoni. Alisimulia kwamba darajani walikuta lori la ndizi limekwama katikati, limeziba njia yote.

"Alikanyaga mara moja," akasema. "Pua yangu iliingia mgongoni kwa mume wangu. Kati yetu na lori pangepita mbuzi."

Nikakaa chini sakafuni. Akaniambia ningoje, hajamaliza. Getini Kabanga mlinzi alikuwa ameinama akaichungulia Chura, akamuuliza mzee inakuwaje katekista mzima anamning'iniza Maria kichwa chini. Watu wakacheka. Nikamuuliza mabukwe databukwe alijibu nini.

"Alimwambia, ndivyo inavyofungwa. Akasema, kwangu kuna fundi, ni binti yangu, ukibisha nenda kamuulize."

Nililia. Sikulia kwa siri, nililia kwa sauti, mikono ikiwa na grisi na udongo. Mabukwe aliniacha nimalize, akaendelea kuchambua maharage.

Nilipotoka nje databukwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya Chura. Aliponiona akainuka. Akakisogeza kile kigoda karibu na tairi ya nyuma, akakipangusa kwa kofia yake, akasema bila kunitazama kwamba fundi hawezi kukagua breki akiwa amechuchumaa. Kisha akaenda zake kuangalia kuku.

Nikakikalia. Bolti zote zilikuwa bado zimekaza, ila nilizipitia tena moja moja.