Aliyemwitikia Joash Were

Alhamisi, tarehe 9 Aprili 2009, saa mbili na robo asubuhi, anga la mtaa wa Kabiria, Nairobi, lilikuwa jeupe na kavu. Masika yalikuwa yamechelewa majuma mawili, na vumbi la uwanja wa kanisa lilitua juu ya viatu nilivyokuwa nimevipiga rangi alfajiri. Nilifungua rejista, nikailaza rula kando yake, nikaitazama foleni. Familia arobaini na tatu zilikuwa zimeandikwa kupokea unga. Ya arobaini na tatu haikuwepo duniani.

Niliiandika mwenyewe Jumatatu: Joash Were, kibarua, mke na mtoto mmoja, nyuma ya kisiagi cha mahindi. Kwa utaratibu wa kamati, wanakamati wawili huitembelea nyumba na kuangalia jikoni kabla jina halijaingia rejistani. Taarifa ya ziara ile niliijaza nikiwa nimeketi kwenye benchi la bustani katikati ya jiji, tai shingoni.

Benchi lile lilikuwa ofisi yangu tangu Novemba. Kampuni ya bima niliyoitumikia miaka kumi na mmoja ilitupunguza watu tisa kwa barua ya aya mbili. Sikumwambia mke wangu, Wanjugu. Kila asubuhi niliondoka nyumbani Kinoo na shati lililonyooshwa, na kila mwisho wa mwezi nilimkabidhi sehemu ya akiba nikiiita mshahara. Mnamo Januari, nilipochoka kuwasikiliza wahubiri wa saa ya chakula cha mchana, ambao sikuamini neno lao hata moja, nilijitolea katika kanisa hili ambako hakuna aliyenifahamu. Mwenyekiti wa kamati, Mama Munyiva, alinipa rejista kwa sababu, alisema, nilikuwa na sura ya mtu asiyecheka.

Kanuni zilikuwa zangu. Nilizitoa katika shule ya bweni, nilikokuwa kiranja wa bwalo. Jina huitwa mara tatu. Asiyeitikia hufutwa, na fungu lake humwendea anayesubiri. Mgonjwa peke yake ndiye anayepelekewa nyumbani na mwanakamati. Mgawaji haruhusiwi kula anachokigawa. Shuleni, kosa baya kuliko yote lilikuwa kumwitikia mwenzako asiyekuwepo. Nilimpeleka mvulana mmoja, Lazarus, kwa mwalimu wa zamu kwa kosa hilo. Alifukuzwa majuma mawili, nami nikalala vizuri.

Sasa akiba ilikuwa imekwisha. Jumatano jioni Wanjugu aliinamisha kopo la unga, akaligonga sakafuni.

"Baba Kui, huu ni wa uji wa kesho tu. Mshahara umekwama wapi?"

"Benki," nikasema.

Kui, binti yetu wa miaka minane, alikuwa akila polepole ili chakula kisiishe. Niliiona hila yake, wala sikuweza kumtazama. Ndipo nilipoamua kwa hakika: nitamwita Were mara tatu, nitasema ni mgonjwa, nitambebea fungu lake mwenyewe. Fungu lilikuwa gorogoro mbili, yale makopo ya kilo mbili yanayopimiwa unga sokoni. Zingetufikisha Pasaka.

"Leo tai ni ya bluu," alisema mwanamke mmoja kwenye foleni.

"Hiyo ni ya Pasaka," mwingine akadakia.

"Nyamazeni, karani atatufuta sisi wote."

Nilianza kuita. Nilipofika nambari ya tisa, Nanyama Simiyu, hapakuwa na jibu. Alikuwa mjane kutoka Bungoma, mfuaji nguo mwenye watoto wanne, na kwa kawaida alifika wa kwanza.

"Ako karibu," alisema yule mwanamke aliyetaja tai. "Amepeleka mtoto kliniki. Ngoja kidogo."

"Mara tatu ni mara tatu," nikasema, nikalifuta jina kwa mstari wa rula.

Alifika nikiwa nimefika nambari ya thelathini na nane, mtoto akihema mgongoni. Wenzake wakamwambia. Hakubisha. Alisimama karibu na lango, kama mtu asiyejua aende upande gani.

"Joash Were," nikaita.

Nikaita mara ya pili. Nilifungua kinywa kwa mara ya tatu.

"Yuko," sauti ikajibu kutoka langoni. Nanyama alikuwa ameinua mkono. "Mimi namchukulia."

"Unamjua?" nikauliza.

"Nitamjua nikifika."

"Mama, unaitikia bwana ya nani?" alisema yule wa tai, na foleni ikacheka.

"Bwana ya mtu mwenye njaa. Mnaita mtu, hayuko, mnafuta. Mimi leo nimefutwa, najua vile inauma. Huyu asifutwe. Karani, niambie anakaa wapi nimpelekee."

Nilikuwa na kanuni mkononi na sikuweza kuitumia. Mama Munyiva alikwisha kupima. "Mpe. Rejista inasema nyuma ya kisiagi," alisema. "Nanyama hajawahi kuchukua hata chumvi ya mtu."

Aliutia mfuko kichwani, akashika njia ya kisiagi akiwa amebeba unga wa mtu asiyekuwepo, na nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na kitu. Nilimwachia Mama Munyiva kalamu, nikamfuata. Nilimkuta akibisha mlango wa tatu.

"Hapa hawamjui. Nyumba yake ni gani?"

"Hakuna Joash Were," nikasema. "Nilimwandika mimi ili nichukue unga huo. Sina kazi tangu Novemba. Mke wangu hajui. Kwangu hakuna cha kupika leo."

Alitazama tai, kisha macho yake yakashuka hadi miguuni pangu.

"Na viatu zinang'aa hivi?"

"Rangi ilibaki kidogo."

Alicheka kicheko kifupi, akautua mfuko. "Sasa mimi nimeitikia nani?"

"Mimi."

"Basi sikuitikia bure."

"Chukua yote," nikamwambia. "Niliyekufuta ni mimi."

"Nikichukua yote, watu wako wakule hiyo tai?" Aliazima gorogoro kwa mwenye kisiagi, akanipimia moja katika gazeti. "Fungu langu lilikuwa mbili. Nimepata moja. Umebakisha moja, ndugu. Usisahau."

Nilirudi mezani. Nilimfuta Joash Were kwa rula, nikaandika sababu, nikatia sahihi. Mama Munyiva alisoma hadi mwisho. Kisha akaichukua rejista.

"Kuanzia leo utabeba magunia," alisema. "Ukitaka kuandikwa, utaandikwa kwa jina lako, na tutakuja kuangalia jiko lako kama la mwingine yeyote."

Jioni Wanjugu alisonga ugali. Kwa miaka minne shuleni niliongoza sala ya chakula mbele ya wavulana mia sita, wala sikujiuliza hata siku moja ni nani aliyekuwa akisikiliza. Sasa niliinamisha kichwa, na maneno yale yote yalikuwa yamenitoka. Nilitafuta, nikapata machache.

"Mungu, asante kwa Nanyama."

Wanjugu alifumbua macho. "Nanyama ni nani?"

Nikamweleza kila kitu, mbele ya Kui, huku ugali ukipoa. Hakupaza sauti. Hakusema nami Ijumaa Kuu, wala Jumamosi, wala siku yenyewe ya Pasaka. Usiku na mchana niliomba, vibaya, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Jumatatu alinikuta nikivaa.

"Usifunge tai," alisema. "Kenyatta Market kuna mwenye nyama choma anatafuta mtu wa kuandika oda. Nimemwambia wewe huchekicheki."

Tarehe 14 Mei, Alhamisi, mvua ilikuwa inanyesha Kabiria. Baada ya kushusha magunia nilikwenda kwa Nanyama na gorogoro niliyoijaza kwa unga nilionunua kwa malipo yangu, ukifanya kilima juu ya kopo. Mtoto wake alikuwa mlangoni, mzima, akikinga matone kwa kikombe.

Nanyama alichukua mpini wa mwiko, akaupitisha juu ya kopo hadi unga ukawa sawa na ukingo. Uliozidi aliumwaga katika mfuko wangu.

"Ulibakisha moja," alisema. "Hii ni moja."

Akaumimina ndani ya ndoo yake, akanirudishia kopo tupu.