Velika wa Tatu

Minka alikuwa amezika watoto wawili wa kike, na wote wawili waliitwa Velika, jina la mama mkwe wake. Ndivyo ilivyokuwa desturi: binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Wa kwanza alipokufa, wa pili akapewa lile lile. Sasa alikuwa amezaliwa wa tatu.

"Na huyu ni Velika," alisema bibi huku akikanda unga. "Nina mwana mmoja tu. Nikifa, nani ataitwa mimi?"

"Mama, nakuomba. Wanangu hawakai na jina hili."

"Haya, maliza basi! Sema mama mkwe mchawi!"

Asubuhi iliyofuata, bibi alipokwenda kukama mbuzi, Minka alimviringisha mtoto kwa blanketi la sufu, akamlaza kapuni, akalitua kapu mwanzoni mwa daraja. Kisha akajificha nyuma ya ukuta wa kinu cha kusagia nafaka. Wazee wao walifanya hivyo kila mauti yalipoizoea nyumba: mpita njia wa kwanza humwokota mtoto, humpa jina, na huwa mzazi wake wa ubatizo. Mama hajitokezi kabla jina halijatamkwa.

Theluji ilikuwa ikiyeyuka. Minka aliomba apite mchungaji, au muuza vyungu, mtu yeyote.

Aliyetokea ni bibi Velika, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, mikono ingali na maziwa. Minka aliuma ncha ya shali yake asipige kelele.

Bibi alipiga magoti penye kapu. Aliinua macho kilimani kwenye makaburi, ambako kila Jumamosi ya wafu alipeleka ngano ya kuchemsha ya kuwakumbuka marehemu na kulikuta jina lake juu ya misalaba miwili midogo.

"Stoyana," alisema hatimaye. "Maana yake ubaki. Umesikia, we kichwa kigumu? Ubaki."

Kisha, bila kugeuka: "Toka huko, Minka. Mtoto anataka ziwa."

Minka alitoka akilia. "Na jina lako je, mama?"

"Lina wenyewe kule juu. Wawili wanatosha."

Stoyana alibaki. Bibi alipofariki, yeye ndiye aliyeshika mshumaa. Minka akaagiza kaburi lichimbwe kati ya wale wadogo: misalaba mitatu, jina moja.