Tumbo la Muhonja na la Sellah

Muhonja na Sellah walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Hata mama yao aliwachanganya mpaka walipoanza shule. Walipokua, Muhonja aliolewa na Shikanga, fundi wa magari, wakakaa Shieywe. Sellah akaolewa Kabras, kwa mkulima wa miwa.

Mwaka wa tisini na nne Muhonja alishikwa na homa ya matumbo. Alipewa dawa kali, akazimeza zote, homa ikaisha. Lakini tumbo lake halikutulia tena. Alikuwa akiuza chapati sokoni, na kila asubuhi alikunywa chai na chapati kabla ya kuanza kazi. Sasa kila akila tumbo lilifura, akaharisha, na nguo zikaanza kumpwaya.

Miaka hiyo, mtu akikonda hivyo, watu waliwaza kitu kimoja tu. Majirani hawakukitaja. Waliacha tu kununua chapati zake. Shikanga naye alichukua mto wake akahamia sebuleni.

Muhonja alipimwa Ukimwi, hakupatikana nao. Akapimwa tena, vilevile.

"Sasa kama si huo, ni nini?" Shikanga aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

Mama mkwe alisema amerogwa. Muhonja hakuamini, lakini hakuwa na la kuweka mahali pake.

Mwishowe alipelekwa Eldoret kwa daktari wa matumbo, Kipyegon. Walimtia mpira mdomoni mpaka tumboni, wakakata kipande kidogo cha utumbo, wakakipima.

"Mama, ni ngano," daktari alimwambia. "Ugonjwa unaitwa siliaki. Ukila ngano, kinga ya mwili inageuka kuushambulia utumbo wako. Acha chapati, mkate, mandazi. Obusuma, ugali wa mahindi, kula tu."

"Daktari, ngano nimekula tangu utotoni. Na pacha wangu anaila mpaka leo, hana shida. Sisi ni damu moja."

Kipyegon alivua miwani. "Hapo hata mimi nachanganyikiwa. Damu haielezi kila kitu. Ndani ya utumbo kunaishi bakteria wengi mno, na wengi wanatusaidia. Huenda wako si kama wa pacha wako. Labda ile homa iliwavuruga, au zile dawa, ndipo mwili ukaanza kuikataa ngano. Lakini hayo ni mawazo, mama. Hakuna aliyethibitisha."

Muhonja aliacha ngano, akauza viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha. Polepole mwili ukarudi. Siku moja alikuta mto wa Shikanga umerudi kitandani, bila neno lolote. Alisimama akiutazama, asijue kama afurahi au autupe nje.

Mwaka uliofuata Sellah naye akashikwa na homa ya matumbo. Muhonja alipofika Kabras alimkuta anatetemeka mpaka kitanda kinalia, na dawa ziko kando, hazijaguswa.

"Mbona humezi?"

"Si ni hizi zilikuharibu wewe?"

"Daktari alisema labda."

"Basi kama labda, niache."

Muhonja aliketi. Akamshika dada yake shingo, ilikuwa inachoma.

"Sellah, mimi sielewi lililonipata. Pengine dawa, pengine homa yenyewe, pengine hata si hivyo viwili. Lakini homa hii inaua, hilo najua. Ile ya ngano, mimi niko nayo na bado naishi. Meza."

Sellah akameza huku analia.

Alipona. Alipopata nguvu alipika chapati, akala moja mbele ya dada yake, kisha wote wawili wakakaa wakilingojea tumbo lake. Halikusema kitu, siku hiyo wala wiki zilizofuata.

"Kwa nini wewe tu?" Sellah aliuliza.

Muhonja alifurahi kwa ajili yake, kabisa. Ila chozi lilimtoka, na hakujua lilikuwa la nini.