Wekundu Kwanza, Weupe Baadaye

Haya, nyie mnaonisikiliza, tegeni masikio. Nilimzaa juani, nikamkanyaga kwa miguu yangu, nikamzika penye baridi. Alipotoka kaburini akanivunja magoti. Nani huyo?

Mmeshindwa. Basi nipeni mji, na mji wenyewe uwe Reims, una makanisa na mikate mizuri. Nimeupokea, nimekaa, nimekula. Jibu ni divai.

Sasa mtoto huyo, kwetu kwenye mlima wa Cramoy, huzaliwa amenuna. Jua letu ni la kuazima, udongo wetu ni chaki tupu, na mwezi wa tano jalidi, ule umande unaoganda, hushuka ikaunguza machipukizi kama moto. Ndiyo maana divai yetu inakata. Nyeupe inang'ata pembeni mwa ulimi mpaka mate yanajaa, nyekundu ni nyembamba, ina harufu ya cheri mbichi na ukakasi kidogo kwenye fizi. Asiyeizoea hukunja uso. Aliyeizoea hawezi kunywa nyingine.

Mwaka ninaousimulia haukuwa na mavuno. Mvua, ukungu, viwavi, kisha mvua tena. Watu walikwenda shambani na vikapu wakarudi navyo vitupu. Lakini maghala ya matajiri yalikuwa yamejaa mapipa hadi darini, na kila mtu akajiuliza yamejazwa na nini. Kila mtu alijua: divai ya kusini, ya huko jua linakowaka bure, iliyopandishwa treni, ikashushwa kwetu na kubatizwa jina la mlima wetu. Watoto wetu walikula viazi vilivyooza, na jina letu likauzwa na wengine.

Ndipo watu wakachukua mashoka.

Kijiji cha jirani walianza vibaya. Walivamia ghala la mzee Perrotin, wakapasua kila pipa, wakachoma gari lake, na farasi akiwa bado amefungwa. Jioni yake mtu mmoja akachovya kidole kwenye dimbwi, akalamba. Ilikuwa divai ya nyumbani, ya akiba, safi. Asubuhi walimkuta Perrotin amejinyonga kwenye mtambo wake wa kukamulia zabibu. Toka siku hiyo ikawa sheria ya mlima mzima: kwanza kuonja, ndipo kuvunja. Pipa la nyumbani huandikwa msalaba wa chaki na haliguswi. Pipa la kusini hupasuliwa, na aliyelileta hulipa kwa roho yake.

Kwetu mwonjaji alikuwa Zélie Courtaux, mjane, mwenye kishamba chini ya kanisa. Hakuna aliyemchagua kwa kura. Wote walijua tu kwamba Zélie akionja atakwambia mizabibu ilisimama upande gani wa kilima na kama mwenyewe alivuna mapema kwa uoga wa mvua. Kinywa chake hakijawahi kumdhulumu mtu.

Asubuhi moja kundi letu lilikwenda kwa Bwana Valmorin, mmoja wa matajiri hao. Bwana mwenyewe alikuwa ameshakimbilia Paris na mkewe na mbwa wake. Aliyebaki mlangoni na funguo kiunoni ni msimamizi wa ghala, Anselme, na Anselme huyo ni mdogo wake Zélie, tumbo moja. Zélie ndiye aliyemfundisha kutembea.

Mbele alikuwa Firmin Gaspoul, jitu la mabega, shoka begani. Kando yake Odile, mwanamke mwembamba aliyezika mtoto mwezi wa pili, ameshika jembe la mizabibu.

"Anselme," Firmin akasema, "hatuna ugomvi nawe. Nakuuliza swali moja. Mapipa ya divai nyekundu ya humo ndani yametoka wapi?"

Anselme akamtazama Firmin, akamtazama dada yake, akatazama viatu vyake.

"Mmekuja na mwonjaji," akasema. "Aonje."

"Nimekuuliza wewe."

"Nami nimekujibu."

"Hujanijibu, bwana. Umenipiga chenga."

"Anatuona mabwege," Odile akasema. "Amekula kwa Valmorin mpaka akaota kitambi, sasa anatuona mabwege."

Akampiga mpini wa jembe mdomoni. Hapakuwa na onyo. Anselme aliyumba, akajishika mlangoni, na kabla hajasimama sawa watu wakampita kama maji yaliyovunja tuta. Mlango uling'olewa na bawaba zake. Ofisini meza zilirushwa dirishani, saa ya ukutani ikapigwa teke, mtu akacheka, kioo kikamkata mtu shavu naye hata hakujua. Anselme walimkamata mikono nyuma, wakamburuta ngazini kwenda chini ghalani, kichwa kinagonga kila daraja.

Zélie alishuka nyuma yao, kikombe cha fedha cha kuonjea kimefungwa shingoni kwa utepe. Hakuwa amezungumza na Anselme tangu Krismasi, na wakati ule alimwuliza akiwa anamenya karanga: mna nini ghalani mwaka huu? Naye akasema, dada, kula karanga.

Ghala lilikuwa limechimbwa ndani ya chaki, refu, na baridi yake humwingia mtu hadi kwenye meno. Mapipa meupe yalikuwa karibu na ngazi. Mekundu yalikuwa mwisho kabisa.

Sasa sikilizeni hapa, maana kosa lilizaliwa hapa. Mlimani kwetu mtoto mdogo anajua: ghalani huonjwa wekundu kwanza, weupe baadaye. Divai nyeupe yetu ni kali mno, huua ulimi. Ukitoka kwenye nyeupe ukaingia kwenye nyekundu, hata iliyo chachu utaiona tamu, nene, yenye jua. Zélie alilijua hilo kuliko wote. Lakini alipoona mekundu kule mwisho, roho yake ilikataa. Akasema, "Tuanze na haya ya karibu," na wenzake kwa haraka yao hawakukumbuka kumkatalia. Alitaka kuahirisha tu, maskini. Alitaka dakika chache za kuwa bado na mdogo wake.

Akazamisha mrija wa kioo kwenye pipa la kwanza, akamimina kikombeni, akakisogeza penye mshumaa. Rangi ya majani makavu, kijani kikimetameta pembeni. Akanusa. Tufaha lisiloiva, jiwe lililolowa mvua. Akavuta kinywani pamoja na hewa, akazungusha, akatema.

"Yetu," akasema. "Upande wa mashariki. Walivuna na umande."

Msalaba wa chaki. Pipa la pili nalo la kwao, divai yake nyembamba zaidi, ya bondeni, ina uchungu kidogo mwishoni kama kokwa ya ndimu. Lingine lina mafuta na harufu ya ganda la mkate, limekaa juu ya machicha yake bila kuguswa, na mtu aliyelitunza alikuwa fundi. Fundi huyo alikuwa amepiga magoti sakafuni, damu inamchuruzika kidevuni.

"Yetu. Yetu hii pia."

Watu wakaanza kunung'unika. Walikuja kuvunja, na mkono ulioinua shoka hauchoki kama ule unaongoja.

"Mama Zélie, leo kila kitu ni chetu," kijana mmoja akasema. "Utatuambia hata Valmorin ni wetu."

"Labda ni shemeji yake," mwingine akadakia, wakacheka, kicheko kibaya.

Odile hakucheka. Alimwendea Zélie akamsogelea karibu, pua kwa pua.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini mwonjaji atakayetuuza tutamfanya kama mwenye pipa. Nyumba yako ina paa la majani. Usisahau."

Kisha akageuka na kulipiga pipa jembe, pipa lenye msalaba, akapiga tena mpaka mbao zikaachia na divai ikatoka kwa kishindo, ikawapiga magotini, baridi kama theluji.

"Hiyo ni ya mlima wako, Odile," Zélie akasema. "Hiyo ni jasho la marehemu baba yako."

Odile alisimama ndani ya divai ya nyumbani inayopotea, anahema. Lakini harufu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Wakasukumana kundi zima mbele hadi kwenye mapipa mekundu.

Zélie akachota. Rangi ilikuwa imeiva, nyekundu ya damu ya ng'ombe. Akaonja. Ilikuwa tamu. Nene. Ikashuka na joto lake mpaka kifuani.

Ya kusini, akajiambia. Halafu akakumbuka weupe wote ule aliopitia, akajipa tumaini: huenda ni ulimi. Huenda ulimi umekufa na hii ni ya kwetu, ya kilima cha jua hapo Cramoy, penye joto kuliko kwingine. Ndivyo walivyomponza Perrotin, kwa pupa.

"Basi?" Firmin akasema. "Ya wapi?"

"Siwezi kusema bado. Tumeanza na weupe. Nipeni mkate, na maji ya uvuguvugu, na muda."

"Muda."

"Muda, Firmin. Unajua mwenyewe."

Firmin alijua. Ila aliwatazama watu wake, akaona kwamba wao hawataki kujua. Akamshika Anselme ukosi, akamsimamisha, akaubamiza mkono wake wa kulia juu ya pipa. Akaokota nyundo ya mbao ya kugongea vizibo.

"Mama atafute ulimi wake," akasema. "Nasi tutamwuliza huyu. Anselme, yametoka wapi?"

Nyundo ikashuka kwenye kidole kidogo. Sauti yake ilikuwa kama ya kuvunja kuni changa.

Mtu alileta kipande cha mkate mgumu. Zélie akakitafuna. Akakitafuna polepole, machozi yakimwagikia mkate, kwa sababu ukimeza haraka haisaidii kitu; lazima mkate ufute ulimi wote, pembeni na chini. Alikuwa amekumbatia kikombe kwapani ili divai ipate joto na kusema ukweli. Nyuma yake nyundo ilishuka tena. Kila alipotafuna, Anselme alilipa. Angeweza kuuzuia mkono wa Firmin kwa neno moja, lolote. Akiwahi kusema ni ya kusini na kumbe si kweli, atakuwa amemwua mdogo wake bure. Akatafuna.

"Anselme, yametoka wapi?"

"Mwache amalize," Anselme akasema, meno yamejaa damu.

Kijana mmoja akampiga teke la mbavu. Mwingine akamwagia divai usoni, akamwambia anywe mshahara wake. Mwanamume wa nyuma alikuwa anapaka lami tambara na kulifunga kwenye fimbo, taratibu, kama anayejiandaa kwenda sherehe.

Zélie akasukutua kwa maji, akatema. Akangoja hadi mate yake mwenyewe yakarudi, masafi, hayana ladha. Akatoa kikombe kwapani, akanusa. Akaonja.

Ulimi ulikuwa umerudi. Ulirudi wote, mkali kama siku zote, naye alitamani ungebaki umekufa. Hapakuwa na cheri mbichi. Hapakuwa na chaki wala ule ukakasi unaokusugua fizi. Palikuwa na zabibu zilizokaushwa, vumbi la njia yenye joto, kiangazi kirefu ambacho mlima wake haujawahi kukiona. Pembeni mwa ulimi hapakuuma kitu. Ilikuwa divai ya watu wengine, nzuri kwa watu hao, na humu ndani ilikuwa kifo.

Akainua macho. Anselme alikuwa anamtazama juu ya pipa, jicho moja limefumba, mkono wake umevimba kama mkate ulioumuka. Hakumwomba kitu.

Zélie hakuwahi kusema uongo juu ya divai. Aliwahi kuusema kwa padri na kwa marehemu mumewe, juu ya divai hapana.

"Ya kwetu," akasema. "Ya kilima cha jua."

Mashoka yakashuka kidogo. Yule mwenye lami akasimama na fimbo yake mkononi, hajui aipeleke wapi. Zélie akanyoosha mkono kutafuta chaki.

Firmin alikuwa amekunja uso.

"Kilima cha jua," akasema. "Kile kilicho juu ya shamba langu?"

"Hicho hicho."

"Mama, mimi ninavuna mpakani pale kila mwaka. Divai ya pale naijua kama mate yangu." Akaweka nyundo chini. "Mimi weupe sikuonja. Nipe hicho kikombe."

"Nimekwambia ni ya kwetu."

"Nimesikia. Nipe."

Akauvuta utepe shingoni mwa Zélie, ukakatika. Odile alikuwa amesogea, macho yanahama kutoka kwa Zélie kwenda kikombe, kutoka kikombe kwenda kwa Zélie, na jembe limepanda tena begani. Kikombe kilikuwa njiani kuelekea ndevu za Firmin.

"Firmin." Ilikuwa sauti ya Anselme, ya chini, kama mtu anayeita mhudumu. "Usijisumbue. Dada ulimi wake umeuawa na weupe, hata mkojo wa farasi sasa angeuita wa kwetu. Mwacheni aende nyumbani." Akatema damu, akajinyoosha, akasimama kwa miguu yake. "Uliniuliza mlangoni. Yametoka kusini, yote. Niliyapokea mimi stesheni, nikayashusha mimi."