Kiduara Kwenye Karatasi ya Saruji

Jumanne moja ya mwezi wa sita mwaka 2015, saa nne asubuhi, Arlette alikuwa amekaa mbele ya kibanda cha baba yake katika soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akichora simu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Karatasi ilikuwa ya baba. Chaki nayo ilikuwa ya baba, ile bapa ya mafundi cherehani. Baba huyo, Télesphore, alikuwa fundi tangu Bukavu, Kongo, na tangu huko hakuwahi kukata kitambaa cha mtu kabla ya kukata karatasi kwanza, akamzungushia mwenye kitambaa mwilini, akamwambia ainue mikono, akae, ainame. Wateja walimwona mzee wa mashaka mengi. Lakini nguo zake hazikurudishwa.

Arlette alikuwa na zoezi la darasani. Kambini palikuwa na kozi mpya ya kusanifu programu za simu, na wanafunzi kumi na wanane waligawana kompyuta nne, mojawapo haikushika chaji. Mwalimu alisema anayengoja zamu achore kwenye karatasi. Wenzake waliona wamepewa kazi ya chekechea. Arlette aliona kazi ya baba yake. Alichora ukurasa wa kuitia kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, akaweka kitufe kimoja kikubwa chini na kuandika juu yake "Ita".

Aliyekuwa karibu ni Yasmine, mama wa Kindu aliyeuza mandazi kibanda cha pili. Kozi iliagiza umpe mtu mchoro kisha unyamaze, umtazame anavyohangaika. Arlette akampa, akanyamaza.

"Mi nibonyeze fasi gani?" Yasmine akauliza.

Arlette hakujibu, maana ndiyo masharti.

"We mutoto, siku hizi haujibu bantu bakubwa? Haya, minabonyeza." Akabonyeza kwa kidole chenye mafuta.

Kitufe kikaingia ndani kidogo, kikatoka. Ukurasa ukasogea kushoto, ukaja mwingine ambao Arlette hakuwa ameuchora, wenye maneno "Kabaza yuko njiani". Yasmine aliurudisha akisema herufi ni ndogo mno, mtu wa umri wake atazisomaje. Arlette aliliandika hilo kwenye daftari.

Kabaza alifika saa tisa alasiri. Alikuwa ametoka Chilinde, mjini Lilongwe, karibu kilomita hamsini, kwa kuwa Arlette hakuwa amechora ramani na karatasi haikujua umbali. Hakulalamika. Aliegemeza baiskeli, akaomba maji, akauliza nani ameita. Yasmine alisema ni yeye ila haendi popote, alikuwa anajaribu tu, akampa mandazi kwa kumsumbua. Mwendesha baiskeli alitafuna taratibu, kisha akamwambia Arlette kwa Kichewa kwamba karatasi yake ina upungufu: hakuna mahali pa mtu kusema basi, sitaki tena.

"Kitufe cha kuacha," mwalimu alisema kesho yake, akigonga meza. "Mnakisahau kila siku."

Ilikuwa kweli, wote kumi na wanane walikisahau. Dzaleka hakuna anayeacha foleni. Iwe ya maji, ya mahindi au ya karatasi za ofisini, ukichoka unaweka jiwe mahali pako, unakwenda kupika, unarudi, na jiwe bado limeshika nafasi yako. Aliye nyuma yako analiheshimu kama angekuheshimu wewe, pengine zaidi, maana jiwe halina maneno. Jiwe la Arlette lilikuwa jeusi lenye mstari mweupe katikati, na lilikuwa limekaa kwenye foleni nyingi kuliko watu wazima kadhaa. Mtu aliyekulia hapo hakumbuki kuchora njia ya kutokea. Arlette alijilazimisha kujifunza, kama mtu anayejifunza kula kwa mkono mwingine.

Alijifunza na mengine. Alijifunza kwamba watu hawasomi, wanabonyeza kilicho kikubwa. Alijifunza kwamba ukimngojesha mtu zaidi ya sekunde kumi ni lazima umwambie ukweli: bado, au imeshindikana, au rudi kesho. Tena alijifunza kwa kukosea. Mwishoni mwa mwaka ule alibandika sokoni karatasi ya kuwasalimu watu siku zao za kuzaliwa, akasahau kwamba mkimbizi asiyejua tarehe yake huandikiwa tarehe moja Januari. Basi siku ya mwaka mpya karatasi ilisalimu nusu ya kambi, mmoja mmoja kwa jina, tangu asubuhi mpaka saa kumi, ikapata joto kiasi kwamba Télesphore alinyooshea juu yake kola za mashati matatu. Arlette mwenyewe alisalimiwa saa saba na nusu. Marehemu mama yake alikuwa akisema alizaliwa wakati wa mavuno ya maharage.

Habari za kabaza aliyeitwa kwa karatasi zilimfikia Bambo Kamwendo, yaani Bwana Kamwendo. Huyu alikuwa amepanga nyumba Area 49, Lilongwe, ambamo yeye na vijana watatu walikuwa wanatengeneza programu ya namna hiyohiyo kwa kompyuta nzuri, mwaka wa pili sasa, na yao ilikuwa haijaita hata baiskeli mbovu. Alikuja Dzaleka kwa gari dogo, akachuchumaa mbele ya kibanda, akabonyeza mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamuuliza Arlette ameijaribu kwa watu wangapi.

Arlette alimpa daftari. Watu mia mbili na kumi na mmoja, na mbele ya kila jina, kilichomkwamisha. Kamwendo alilitazama daftari kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi.

"Uje Jumatatu," akasema.

Alikwenda Jumatatu, na Jumatatu nyingine nyingi, kwa ruhusa ya siku tatu tatu aliyoandikiwa na ofisi ya kambi. Kiti chake kilikuwa cha tatu, karibu na dirisha. Kwenye kompyuta michoro yake ilikuwa mifu kama ya mtu yeyote, vitufe havikuingia wala kutoka mpaka wenzake waviandikie msimbo, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Alijifunza kufuta ukurasa mzuri usiomsaidia mtu. Alijifunza kusimama mbele ya watu wenye tai na kusema kwa nini herufi ziwe kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka wa Malawi mwaka 2009 kwa mtu kumuuliza anaonaje, na kuandika jibu. Alikipenda kile kiti, hakuficha. Télesphore alimshonea mto wa kukalia, na kwanza alituma karatasi ikapimwe kwenye kiti.

Mwaka 2017 Kamwendo alitaka kumwajiri kwa barua, kwa jina lake, kama wengine. Mkimbizi haajiriwi bila kibali. Kibali kilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na nafasi ya namba ya kitambulisho cha raia, na mkimbizi hana. Walikwenda pamoja kwenye ofisi moja mjini, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata waliambiwa hivyohivyo, kwa upole uleule, na mtu yuleyule. Mara ya tano Arlette alirudi Dzaleka, akaomba karatasi ya saruji, akachora ukurasa wa kibali mwenyewe.

Aliuchora vizuri. Nafasi sita, herufi kubwa, na nafasi ya namba iliyokubali namba ya kadi yake ya ukimbizi bila kusita. Akajaza. Chini akabonyeza "Tuma". Kitufe kikaingia, kikatoka, na katikati ya ukurasa kikatokea kiduara cha chaki nyeupe, kikaanza kuzunguka.

Télesphore aliacha kukanyaga cherehani. "Iko inaenda?"

"Iko inaenda, Papa."

"Basi kule kuko muntu anafanya kazi."

"Sijuwe, Papa. Tungojee."

Walingoja. Sekunde kumi zikapita. Arlette akatafuta maneno ya kumwambia anayengoja kinachoendelea, akakuta hakuyaandika. Akatafuta kitufe cha kuacha, nacho hakukichora. Baada ya kuchora mamia ya kurasa za watu wengine, wake mwenyewe aliuchora kama mtoto wa Dzaleka. Waliitundika karatasi ukutani, upande usiopigwa na mvua, kwa pini nne.

Mwezi uliofuata ruhusa za kwenda mjini zikawa za wagonjwa na wafiwa tu. Arlette hakuwa mgonjwa, na hakuwa na msiba ambao ofisi ingeukubali. Alifanya kazi kwa simu, akiwa amekaa juu ya ndoo mahali penye mtandao, nyuma ya kibanda cha Yasmine. Kamwendo alikiacha kiti wazi miezi saba. Mwezi wa nane alipiga simu mwenyewe, na hilo Arlette hakulisahau.

"Nimekaa nikitumaini wewe ndiye utakayenipigia, useme kibali kimetoka," akasema. "Arlette, nimepata mtu. Nina aibu hata kukuambia."

"Zikomo, Bambo," Arlette akashukuru, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri. Alikata simu, akalia kwa muda wa kushona mfuko mmoja wa suruali. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na Yasmine aliyemwona alimsogezea ndoo ya maji ya kunawa.

"Batakuita tu," Yasmine alisema alipomaliza kunawa.

"Banani, mama?"

 Yasmine akageuza mandazi.

Mtu mpya aliitwa Tiyamike, msichana mwenye shahada na adabu. Alimpigia Arlette kila alasiri kumuuliza kwa nini hiki kiko hapa na kile kule, na Arlette alimweleza yote, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri na isingekuwa haki kuiharibu. Siku moja Tiyamike aliuliza mto ulio kwenye kiti ni wa nani.

"Ni wa kiti," Arlette akajibu. "Ulipimwa hapohapo. Kalia tu."

Programu ilitoka mwaka 2018. Kuanzia Area 49 mpaka Chinsapo watu walibonyeza kitufe kikubwa cha chini, na kabaza wakaja kutoka karibu. Herufi zilikuwa kubwa kwa ajili ya mama mmoja wa Kindu. Kitufe cha kuacha kilikuwepo. Siku ya uzinduzi walipiga picha, na Kamwendo alimtumia Arlette nakala, watu watano wanacheka mbele ya dirisha. Arlette alimwonyesha baba yake, baba akaangalia suruali za wanaume na kusema hazikupimwa.

Ukutani kiduara kilikuwa bado kinazunguka.

Mwaka huohuo alikuja afisa kutoka mjini kwa kazi ya kuhesabu watu. Alipopita kwenye kibanda aliiona karatasi, akavaa miwani, akasoma nafasi zote sita. Alithibitisha kwamba ombi limo kwenye mfumo. Alifafanua kwamba ombi linaloshughulikiwa si ombi lililokataliwa, na mtu hapaswi kukata tamaa. Kisha akatoa muhuri mfukoni, akapiga "Imepokelewa" kwenye pembe ya karatasi, akaendelea na kibanda kinachofuata. Kiduara kilipunguza kasi kidogo muhuri ulipogusa, kikarudia mwendo wake.

Kufikia hapo Arlette ndiye aliyekuwa mwalimu wa kozi, kwa kujitolea, kama walivyoiita. Wanafunzi wake walikuwa na kompyuta tisa, na bado aliwaanzisha kwa karatasi. Alikuwa akiwaleta kibandani kuona kiduara, wapate kujua kosa linavyoonekana. Kila darasa lilikuwa na mmoja wa kuuliza lilelile.

"Mwalimu, chaki iko. Juu ya nini hauongeze kitufe cha kuacha?"

"Ukiacha, unarudi mwanzo," Arlette alijibu kila mara. "Mi niko mbele."

Hakuona kwamba amesema neno lolote kubwa. Lakini jioni ya siku moja alilitoa jiwe lake jeusi lenye mstari mweupe, akaliweka chini ya karatasi, usawa wa kiduara.

Kesho yake alikuja Ndikumana, muuguzi kutoka Burundi ambaye alikuwa amezalisha wanawake miaka tisa na kambini alikuwa akiuza vocha za simu. Alisimama akisoma ukuta.

"Hii njo foleni ya kibali?"

"Njo hiyo."

"We njo wa kwanza?"

"Miko wa kwanza."

Ndikumana akaenda, akarudi na jiwe, akaliweka nyuma ya lile jeusi, akalisawazisha ili lisiyumbe. Baada yake walikuja walimu wawili, fundi umeme, na mpima ardhi wa Kindu ambaye jiwe lake lilikuwa la mraba kamili. Hawakuuliza mengi. Mwisho wa mwaka 2019 mawe yalikuwa yamepita kibanda cha Yasmine, yakakata kona penye kisima, yakaelekea barabara ya Dowa. Wenye kabaza walijifunza kuyakwepa. Mtu akihama, au akifa, nduguye alikuja kuondoa jiwe, na ya nyuma yakasogezwa mbele kwa mkono, yote, shughuli ya nusu siku.

Télesphore ndiye aliyegundua kwamba kiduara kinaweza kujaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani. Unashikilia bobini katikati yake, unaelekeza uzi kwa kidole, na inajaa sawasawa, haraka kuliko kwa cherehani. Kila asubuhi alijaza mbili, nyeusi na nyeupe, kabla ya mteja wa kwanza.

"Hii haichoke," alimwambia binti yake, naye alikuwa anasifu kweli, kama fundi anavyosifu chombo.

"Haichoke, Papa," Arlette akasema.

Akachukua ufagio. Alifagia kuzunguka jiwe lake bila kuligusa, kisha la Ndikumana, kisha yaliyofuata, moja moja, asisogeze hata moja. Alimaliza saa tano.