Ramani ya Jicho la Wifi

Kazi yangu ni kuwapima macho watu wanaotaka kuachana na miwani, na kwa miaka kumi na moja nimewajua vizuri. Ni waongo. Wanadanganya kuhusu lensi, zile za kuvaa ndani ya jicho. Lensi huligandamiza jicho likapoteza umbo lake, kama soksi inavyoacha alama mguuni. Ukimpima mtu aliyezivua jana, mashine inachora ramani isiyo ya kweli, na leza ikifuata ramani hiyo, jicho limeharibika. Ndiyo maana tunawaambia wazivue wiki kadhaa kabla ya kuja. Wanaitikia vizuri, "Sawa dada," halafu wanakuja kesho yake wakinitazama usoni bila aibu. Mimi siwapeleki hata kwa daktari. Nawarudisha nyumbani.

Mlangoni tumebandika tangazo la mwanamke anayecheka meno yote nje: LEZA BILA KUFUNUA JICHO. Wakilisoma wanadhani ni kunawa uso na kwenda zao, kwa hiyo kila asubuhi naanza upya. Zamani, nawaambia, tabaka la juu la kioo cha jicho lilikatwa likafunuliwa kama kifuniko cha kopo, pakachongwa chini yake, likarudishwa. Siku hizi leza inachora kisahani chembamba ndani kwa ndani, na daktari anakivuta nje kupitia kitundu cha milimita tatu. Hakuna kifuniko cha kuhama ukipigwa kiwiko. Lakini nyama imetoka, na ikitoka haioti tena, kwa hiyo jicho lenye kioo chembamba haliguswi. Nikimaliza, mtu ananiuliza kama siku hiyohiyo ataruhusiwa kubandika kope.

Kisha akaja wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Simpendi, na sijawahi kuficha. Anaongea kwa sauti kubwa, anacheka kabla ya kumaliza kichekesho chake mwenyewe, na kwenye harusi ya binamu yao alitokea na macho ya kijani. Ya kijani! Tulikaa meza moja naye saa tano nzima, akipepesa kama aliyeingiwa na mchanga.

Alikuwa akifanya kazi kwenye ujenzi wa maghorofa, na baada ya miezi saba angefanya mtihani wa kuendesha kreni ndefu. Huo mtihani ndio ulikuwa maisha yake. Miwani ilimteleza puani kila alipoinama kutazama chini, na alikuwa amesikia kwamba hii ya bila kufunua inawafaa watu wa kazi ngumu. Hapo hakukosea.

"Lensi umevua lini?" nikamuuliza.

"Sivai lensi, wifi. Zile za harusi nilivaa siku moja tu, zikaniwasha, nikazitupa."

"Siku moja tu."

"Haki ya Mungu tena."

Nikaguna. Kwenye skrini ramani ya jicho la kushoto, ambayo ingetakiwa kuwa na rangi moja iliyotulia, ilikuwa na doa jekundu kwa chini. Nimeyaona madoa ya lensi mpaka nimeyachoka. Nikaandika kwenye faili, nikamwambia arudi baada ya miezi mitatu, na safari hii bila mapambo.

Alirudi siku ileile niliyompa. Doa lilikuwa limekua. Na mimi, mtaalamu, nikawaza nini? Nikawaza: hana hata haya, sasa anazivaa kila siku.

"Taa za barabarani naziona zina mikia," akasema.

"Ndiyo kazi ya lensi hiyo."

"Wifi, sivai!"

"Miezi mitatu mingine," nikamjibu, nikaita anayefuata.

Nyumbani mume wangu akaniambia, "Mdogo wangu ana makelele, lakini si mwongo." Nikamwambia anipitishie chumvi.

Mara ya tatu ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kabla ya mtihani wake. Nilikuwa nalivuta faili ili nimrudishe tena nyumbani, daktari alipoingia kutafuta chaja yake. Macho yake yakakwama kwenye skrini. Akaulizia ramani za nyuma, nami nikampa kwa madaha, aone jinsi ninavyowajua watu wangu. Akazipanga zote tatu mezani. Akamtia wifi matone ya kupanua mboni, akamchungulia kwa taa muda mrefu.

"Alivua lensi lini?"

"Eti hajawahi kuvaa," nikasema.

"Lensi ikivuliwa, jicho linarudi. Hili linazidi kwenda mbele."

Akavuta kiti akakaa karibu naye, akamweleza polepole. Ni ugonjwa. Kioo cha jicho kinakuwa chembamba na kuchongoka. Leza yoyote, ya kufunua au ya kutofunua, haitamgusa maisha yake yote. Kuna dawa na mwanga maalumu wa kukikaza kioo kisiendelee, na wangemfanyia wiki hiyohiyo, ila mwanga huo haurudishi kilichokwisha kupotea. Jicho la kulia lingeokolewa. La kushoto lilikuwa limeshakwenda mahali ambapo miwani haisaidii. "Ningeiona hii ya kwanza," akasema, akigonga karatasi kwa kidole, wala hakuimaliza sentensi.

"Na kreni?" wifi akauliza.

"Kreni hapana, mama. Pole sana."

Daktari akatoka bila chaja yake. Mimi nikajishughulisha na kitambaa cha kufutia mashine, nikijidharau kwa moyo wangu wote. Miaka kumi na moja nimesoma ramani za watu, na mara hizi tatu nilimsoma yeye badala ya ramani yake.

Wifi akalivuta faili langu mezani. Kwa yale matone hakuweza kuona cha karibu. Akalisogeza, akalirudisha, akanipa.

"Umeandika nini hapa, wifi? Nisomee."

Mwandiko wangu ni mkubwa na safi. Kliniki nzima wanausifu.

"Mgonjwa anadanganya," nikasoma. "Asipelekwe kwa daktari."

"Na hapa chini?"

"Hivyohivyo."

"Nisomee."

Nikamsomea.